Tangi Chini ya Kitanda cha Shangazi

Wanafunzi huniuliza niliingiaje katika sheria ya anga za juu, mtu niliyekulia kati ya mahindi ya Kitale na miwa ya Bungoma. Mara nyingi nawapa jibu la mkutanoni: nilipenda nyota, nikasoma sheria, nikaviunganisha. Jibu hilo si uongo, ila linaacha nje sehemu iliyonifundisha kazi yenyewe. Sehemu hiyo ni sentensi moja niliyomwambia shangazi yangu kwa simu, na siku nilizokaa baadaye nikiamini kwamba sentensi hiyo inamwua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa wakili mchanga Kitale, katika ofisi iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mpaka leo nikinusa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nayaona mafaili. Kesi zetu nyingi zilikuwa za mashamba: ndugu wawili na jiwe la mpaka ambalo kila mmoja anaapa kwamba limetembea lenyewe, au mjane na shemeji zake. Mzee angekuja na karatasi asizozielewa, nami ningemtafutia mfano kutoka shambani kwake, kwa ng'ombe wake, mpaka uso wake ufunguke. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata katika kazi ile. Nilijivunia mifano yangu, na naomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Jioni nilisoma kozi ya sheria ya anga kwa njia ya posta. Vitabu vilitoka ng'ambo vikiwa vimefungwa kwa karatasi ya kaki, na mkubwa wangu wa ofisi, mzee mcheshi aliyevaa suti moja mwaka mzima, alikuwa akivipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto wa kubatizwa.

"Wakili wa Mwezi," angesema, "leo umemshtaki nani? Jua?"

"Jua nimelipelekea notisi, mzee. Lina siku kumi na nne za kujibu."

"Likikataa, usiniletee mimi hiyo kesi. Mimi korti ya Kitale inanitosha."

Acha nikueleze kidogo kuhusu sheria yenyewe, maana si ngumu. Mataifa yalikubaliana zamani kwamba huko juu hakuna mwenye shamba. Lakini chombo kinachorushwa huko kina mwenyewe, na kikianguka bado ni chake, hata kikiangukia kwako. Kikikuharibia mali au kikakuumiza hapa chini, taifa lililokirusha linalipa, bila wewe kuthibitisha kwamba lilizembea. Kwetu jambo hili halihitaji profesa. Ng'ombe akivunja ua akala mahindi ya jirani, hakuna anayeuliza kama mchungaji alikuwa amesinzia. Mwenye ng'ombe analipa.

Nilikuwa nimeusoma mfano huo na kuurudia mpaka ukanikolea. Sikuwahi kufikiri kwamba ng'ombe mwenyewe angetokea.

Ilikuwa Julai, Jumatatu, mvua na baridi. Simu iliyopigwa ofisini ilitoka Chwele, kwenye kibanda cha simu ya jamii pale sokoni. Alikuwa shangazi, dada ya baba yangu, mjane aliyekuwa na shamba la mahindi na vitunguu kupita Sirisia. Hakuwa na simu yake. Alikuwa amepeleka vitunguu sokoni.

"Wakili?" Tangu nilipovaa joho hakuniita kwa jina tena.

"Shangazi! Habari ya huko?"

"Ni nzuri tu. Ati nikuulize. Kitu imeanguka kwa shamba yangu."

"Kitu gani? Mti?"

"Mti inatokanga mbinguni? Ni chuma, mama. Ya mviringo, kama ile sufuria kubwa ya matanga. Imeungua, iko na nyuzi nyeusi imejifunga nazo. Ilipiga chini asubuhi jana, nikasema ni radi, na kumbe hata mawingu hakuna."

Nilisimama. Nitasema ukweli wangu: sikuogopa. Nilifurahi. Nilifurahi kama mvuvi wa samaki wadogo aliyesikia uzi umekazika.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana. Ni vitunguu tu, mistari mitatu."

"Nani ameiona?"

"Uliza nani hajaiona. Watu wa vyuma kuukuu wamefika na mizani kutoka Bungoma. Na liguru naye anasema ni ya serikali, niitoe."

Liguru, kwa wasiojua, ni mzee wa kijiji, macho na masikio ya chifu. Nilimwona katika mawazo yangu akiubeba ushahidi wangu kwenye toroli.

"Usimpe mtu," nikasema. Kisha nikafanya kile nilichokijua kukifanya vizuri zaidi. Nikatafuta mfano. "Shangazi, hati ya shamba unaiweka wapi?"

"Si unajua. Kwa sanduku, chini ya kitanda."

"Basi hicho kitu kihifadhi vilevile. Kama hati ya shamba. Asikiguse mtu, asikitoe mtu, mpaka nije mimi."

"Kama hati?"

"Kama hati."

"Sawa, wakili," akasema, na kwa sauti yake nikajua ameelewa kabisa.

Na alikuwa ameelewa nini? Hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Miaka kadhaa kabla, mumewe alipofariki, shemeji zake walitaka kumwondoa kwenye shamba lile. Kesi ilikaa muda mrefu. Mimi nilikuwa bado mwanagenzi, nikibeba faili nyuma ya mkubwa wangu. Kipindi chote kile shangazi alilala juu ya sanduku lenye hati. Alikataa kwenda matangani ikiwa ni lazima kulala huko. Wageni hawakuingia chumbani. Aliambiwa akiipoteza karatasi ile amepoteza kila kitu, na akaishi hivyo hadi siku nilipokwenda mwenyewe kumwambia, "Kesi imeisha, Shangazi. Tumeshinda." Kwa hiyo neno "hati" kwake halikuwa mfano. Lilikuwa amri, na alijua namna moja tu ya kuitii.

Sikulifikiria hilo. Nilikuwa na kesi Jumanne na Jumatano, na nilizunguka kortini nikiwa na siri tamu kifuani. Nilimwambia mkubwa wangu.

"Sasa mwezi umepata mteja," akasema. "Mwambie alete mashahidi."

Alhamisi mchana nilishuka kwenye saiba, duka la intaneti lililokuwa nyuma ya stendi, nitafute ni ofisi gani huandikiwa taifa linapodondosha kitu chake. Kurasa za siku hizo zilifunguka polepole, mstari kwa mstari kutoka juu, kama mtu anayevuta pazia kwa uchovu. Ilitangulia picha. Tufe jeusi, nyuzi zimeungua, kipande cha bomba kimebaki kimechomoza. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, ndilo hilo.

Kisha maandishi yakaanza kuteremka chini ya picha.

Yalisema kwamba matufe ya namna hiyo huwa matangi. Yalisema baadhi yake hubeba mafuta ya kusukumia chombo, na kwamba mabaki yanaweza kusalia ndani hata baada ya kuanguka. Ukurasa ukakwama hapo. Nilikaa nikiangalia nusu ya mstari. Ulipoteremka tena ulisema mafuta hayo ni sumu, huingia kwa pumzi na kwa ngozi. Hunuka kama samaki. Humletea mtu maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, na baada ya hapo mengine ambayo sikuyamaliza. Mstari wa mwisho ulikuwa na herufi nzito: usikiguse, na kwa vyovyote usikiingize ndani ya jengo.

"Madam, muda umeisha," kijana wa saiba akasema. "Uendelee?"

Nilikuwa nahesabu usiku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Shangazi alikuwa amelala juu ya kile kitu siku tatu, kwa sababu yangu.

Nilipiga simu kwenye kile kibanda cha Chwele. Mwenye kibanda akapokea, nyuma yake mvua ikipiga mabati.

"Nani? Yule mama wa chuma? Hajaonekana. Wanasema amejifungia nayo ndani ya nyumba. Hata vitunguu hakuleta, na yeye hakosangi."

"Tafadhali mtumie mtu. Mwambie atoke kwenye hiyo nyumba. Mwambie ni mimi nimesema."

"Madam, huku mto umejaa na giza inakaribia. Nitajaribu, lakini nisikudanganye."

Usiku huo sitausimulia. Nitasema tu kwamba nilijaribu kuomba na sikujua niombe nini, kwa sababu kila nilipofumba macho nilijisikia nikisema, kwa ile sauti yangu nzuri ya kueleza, kama hati ya shamba.

Ijumaa alfajiri nilipata lifti kwenye pikapu ya akina mama wa vitunguu waliokuwa wakishuka kutoka Kitale kwenda soko la Chwele kununua. Nilikaa mbele kati ya dereva na mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Ni bomu, bana," dereva alisema.

"Bomu gani imekaa wiki haijalipuka?" mama akamcheka. "Wewe hata bomu huijui. Ni mama anangoja bei ipande."

"Bei gani na amekuwa mgonjwa? Jirani yake si alikuwa kwa stage jana. Anasema huyo mama anaongea mambo haieleweki. Ile kitu inamkula pole pole."

Mama akanitazama. "Na wewe, dada, mbona unatetemeka? Ni baridi?"

"Ni baridi," nikasema.

Akanivulia leso yake akanifunika magoti. Wema ule ulinitoa machozi, nikageukia kioo.

Kutoka Chwele nilipanda boda ya baiskeli, na pale ilipozama kwenye matope nikashuka nikakimbia. Nilifika nikiwa nimeshika viatu mkononi. Liguru alikuwa ameketi kwenye stuli chini ya upenu wa ghala ya mahindi, gambuti miguuni, mwavuli magotini.

"Wakili. Hatimaye. Huyu shangazi yako amenikatalia kabisa. Ati nikuje na barua ya korti."

"Yuko ndani?"

"Yuko. Tangu jana mchana hajatoka, na hata kuimba hajaimba." Aliinua mabega. "Asubuhi hata hakunitukana. Hapo ndio nilijua ni mbaya."

Nilibisha. Nikaita. Nikaita tena, na ndani kitu kikaburutwa sakafuni, polepole. Komeo likatoka. Mlango ulifunguka kadiri ya uso wake. Macho yalikuwa mekundu na hayakutulia mahali. Alikuwa ameegemea fremu, na mkononi alishika panga kama mtu anayeshika fimbo ya kutembelea.

"Uko na barua?" akauliza.

"Shangazi, ni mimi."

"Mimi nani? Wakili alisema asiingie mtu."

Maneno yalitoka kinywani mwake mazito, kama ya mtu aliyeamshwa. Hakunijua. Nilikuwa nimemsoma mtu huyu Alhamisi mchana, mstari kwa mstari: kichwa, kizunguzungu, kuchanganyikiwa. Na nyuma yake, kutoka ndani, ikaja harufu ya samaki.

Sikuingia. Sitaipamba habari hiyo. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mtu aliyeninunulia sare yangu ya kwanza ya shule, na sikuweza kuvuka kizingiti. Kutoka pale niliona chumba chote. Niliona madirisha yamezibwa kwa magunia ili watu wasichungulie. Niliona kitanda, na miguuni pa kitanda jiko la makaa, na sufuria. Na chini ya kitanda, pembeni ya sanduku, lile tufe, limefunikwa kwa kitenge chake cha kwenda kanisani. Niliona vyote hivyo, lakini niliangalia kitu kimoja tu.

"Toka nje, Shangazi. Tafadhali. Toka."

"Na nikitoka, nani atakaa na hii?"

"Achana nayo!"

"Wakili alisema mpaka akuje."

Nilimwambia wakili ni mimi. Nilimwambia ni sumu. Nilimwambia liguru ataangalia mlango, na hapo panga likainuka kidogo. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfungia kwa ufunguo, na ufunguo huohuo tu ndio ungemfungulia. Nikanyoosha mgongo, nikatumia sauti ya ofisini.

"Kesi imeisha, Shangazi. Tumeshinda."

Alitulia. Kitu usoni pake kilitafuta njia ya kurudi.

"Tumeshinda?"

"Tumeshinda."

"Hakimu amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Aliliweka panga chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka mtoto. Akavuka kizingiti, akapiga hatua tatu uani, akapiga magoti kwenye matope na kutapika.

Liguru, ambaye kwa siku tano alikuwa ametukanwa na mama huyu, ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha gari. Nilimwambia mlango uachwe wazi, asiingie mtu, asisogee mtu karibu kuliko kwa jirani. Alisimama barabarani na mwavuli wake kama trafiki. Sisi tukaondoka kwa pikapu ya jirani kwenda hospitali ya misheni Lugulu. Njiani shangazi alilaza kichwa begani kwangu. Nilimkumbatia. Nilimkumbatia huku nimezuia pumzi, nikifikiria nguo zake, nywele zake, kila kitu kilicholala na lile tangi. Kila nilipolazimika kuvuta hewa niligeuza uso. Sijui kama aliona. Sikuwahi kumuuliza.

Hospitalini tulipokewa na afisa wa kliniki, mwanamke aliyechoka ambaye alikuwa na peni mbili nyweleni. Nilianza kueleza. Nilieleza mafuta ya vyombo vya angani, yanavyoingia mwilini, yanavyonuka. Nilieleza vizuri sana. Aliniacha nimalize, huku akimpima shangazi na kumuuliza mambo kwa sauti ya chini, na muuguzi akimfunga kinyago cha hewa usoni. Kisha akanigeukia.

"Na jiko?"

"Jiko gani?"

"Nimemuuliza anapikia wapi. Anasema chumbani, tangu Jumatatu. Kawaida anapikia jikoni, nje. Umeliona hilo jiko?"

Nililiona. Nikasema nililiona.

"Na madirisha?"

"Yamezibwa kwa magunia."

Alinitazama, si kwa ukali. "Hiyo ni hewa ya makaa, wakili. Haina rangi, haina harufu. Kila msimu wa baridi tunaletewa watu, na wengine hatuletewi kwa sababu wameshakata roho. Angelala usiku mwingine mmoja mle ndani..."

"Lakini kulikuwa na harufu ya samaki."

Shangazi alivuta kinyago pembeni. "Ni omena," akasema kwa sauti dhaifu. "Nilipika omena. Ungetaka nipike nini, na siwezi kwenda soko?"

"Na tangi?" nikamuuliza afisa.

"Tangi silijui," akasema. "Makaa nayajua."

Hilo lilinipa nafuu nusu tu. Makaa yalieleza kila dalili, lakini tangi lilikuwa bado chini ya kitanda, na mimi bado nilikuwa na ule ukurasa kichwani. Nilikaa pale wodini siku mbili. Nilimhesabia pumzi. Akikohoa, nilisimama. Akili yake ilirudi haraka kuliko yangu: jioni ya kwanza alikuwa ameshamwambia muuguzi kwamba uji wao hauna chumvi, na asubuhi yake akamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kama amepata mchumba.

Siku ya tatu walikuja maafisa walioitwa kutoka Nairobi, na glavu nene na vifaa vya kupimia. Tulikuwa tumesharudi, shangazi ameketi kwa jirani na blanketi. Waliingia, wakapima, wakalitoa tufe nje. Lilikuwa tangi kweli, lakini la gesi ya kusukumia mafuta, si la mafuta yenyewe. Lilikuwa tupu kabla halijagusa kitunguu chochote.

Kwa hiyo kitu kilichotoka angani hakikumdhuru mtu. Kilichokaribia kumwua shangazi kilitoka Kitale, kwa simu.

Mmoja wa maafisa, kijana mpole mwenye ubao wa kuandikia, alikuwa akijaza fomu.

"Mama, nani alikuambia uingize hii kitu ndani ya nyumba?"

Nilikuwa nimesimama kando yake na faili langu kifuani. Swali lile lilikuwa langu. Nilifungua mdomo. Nilijua ningesema nini, na pia nilijua kwamba sehemu ingeandikwa "wakili", na baada ya hapo jina. Nikalishika faili kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu," shangazi akasema. "Ni akili ya mama mzee tu. Niliona mvua itaiharibu."

Liguru alikohoa, akatazama mwavuli wake. Kijana akaandika. Fomu ile, kama bado iko mahali, inasema hivyo.

Walipoondoka na tangi, shangazi aliniomba nimsindikize shambani aone ile mistari mitatu. Shimo lilikuwa limejaa maji. Tulisimama pale.

"Ulinidanganya ati tumeshinda," akasema.

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

"Hiyo nimekusamehe. Hiyo ilinitoa." Aliinama, akang'oa kitunguu kilichovunjika, akakifuta matope kwa kidole. "Lakini ile ya hati. Wewe unaongeanga vizuri, tangu ukiwa mdogo. Mtu anakuamini mpaka anafunga mlango. Siku ingine ukinipatia mfano, niambie pia unaishia wapi."

Nilimwandikia barua ya madai ya vitunguu, kwa taifa ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye tangi, kupitia ofisi zote zinazotakiwa. Haijajibiwa. Lakini ile sentensi yake nimeishi nayo. Kozi niliimaliza, nikaondoka Kitale, nikaingia kazi hii ninayoifanya sasa, ambayo zaidi ya nusu ni kuuliza swali lake. Watu husikia "matumizi endelevu ya anga" wakafikiri ni jambo la wanasayansi. Ni jambo rahisi. Kila kinachorushwa kitakufa siku moja, na kikifa kitabaki kikizunguka huko juu na kugongana na vingine, au kitashuka. Tunachodai ni kwamba anayekirusha aseme, kabla hajakirusha, kitaishia wapi. Kuna wasiopenda kuulizwa hivyo. Nami nilikuwa sipendi.

Kabla muongo ule haujaisha, niliketi kwenye kamati ya kuandika maelekezo kwa mwananchi atakayeokota kipande kilichoanguka. Mwenzangu mmoja, mtu makini, alisoma rasimu: mwananchi atakihifadhi mahali salama hadi wataalamu wafike. Vichwa vilitikiswa, tukataka kwenda kwenye kipengele kinachofuata. Kwa sekunde chache nikainusa omena.

"Mahali salama ni wapi?" nikauliza.

Walinitazama.

"Kwetu ni chini ya kitanda," nikasema. Tulikifuta kipengele kile, tukakiandika upya. Sasa kinaanza na neno moja: ondoka.

Wewe unayetaka kuingia kazi hii, ingia. Inahitaji watu wanaojua kueleza, na huna haja ya kuzaliwa karibu na kiwanja cha roketi. Ila ujue utaogopa, na usiharakishe kuacha kuogopa. Kila mara simu yangu inapoita na mtu wa mbali akaanza kusema kuna kitu kimeanguka, naogopa kama siku ile saiba. Simuulizi kina umbo gani. Simuulizi ni cha nani. Namuuliza amesimama wapi, na kama yuko ndani ya nyumba, namuuliza kama mlango uko wazi.